Kanada si Mji Mmoja: Chagua Pa Kukaa Kabla ya Kufunga Sanduku

Siku hizi ni nadra kuhudhuria kikao cha ukoo, ibada au hata matanga bila kusikia kwamba mtoto wa fulani amepata karatasi za kwenda Kanada. Shamba huuzwa, ng'ombe hupelekwa sokoni, harambee huitishwa na kadi za mchango huzungushwa hadi zikawafikia watu wasiomjua msafiri hata kwa sura. Siku ya safari jamaa hujaa matatu mbili hadi uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Sala huombwa, picha hupigwa, machozi humwagika. Ukimuuliza yeyote pale msafiri anakoelekea, jibu ni moja tu: "Anaenda Kanada."

Swali ambalo aghalabu husahauliwa ni hili: Kanada, mji gani?

Usidhani, msomaji, kuwa hilo ni swali dogo. Watu wawili wanaweza kuondoka hapa siku moja wakiwa na elimu sawa, stakabadhi sawa na pesa sawa. Mmoja akatua Toronto, mwingine akatua Winnipeg. Baada ya miaka miwili mmoja anawalipia wadogo zake karo, na mwingine bado analala kwenye kochi la binamu yake akisaka chumba anachoweza kukilipia. Huenda wote wawili wana bidii, na wala hakuna aliyerogwa. Kilichowatenga ni mji.

Leo tutatembea pamoja katika miji kadhaa ya nchi hiyo, tukiitazama kwa jicho la mtu anayeanza maisha upya na mfuko mwepesi. Kabla hatujaondoka, shika kipimo hiki kimoja kitakachokufaa njia nzima. Mji wa bei nafuu ni ule ambao mwisho wa mwezi, ukishalipa nyumba, nauli, chakula na ushuru, kuna kitu kinachobaki mkononi, na kuna mtu wa kukubishia hodi ukiugua. Palipo na kimoja bila cha pili, utakaa kwa shida.

NCHI KUBWA, WATU WACHACHE

Kanada ni nchi ya pili kwa ukubwa duniani baada ya Urusi. Hata hivyo ina watu wapatao milioni 41 tu, idadi iliyo chini ya Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa katika sensa yetu ya mwaka 2019. Imegawanywa katika mikoa 10 na maeneo matatu ya kaskazini, na kila mkoa una sheria zake kuhusu upangaji wa nyumba, hospitali, leseni za kazi na ushuru wa mauzo.

Umbali nao usikudanganye. Kutoka Toronto hadi Winnipeg kwa barabara ni kilomita 2,200 hivi, zaidi ya mara nne ya safari ya Nairobi hadi Mombasa. Kutoka Winnipeg hadi Edmonton ni nyingine 1,300. Kwa hivyo ukisikia una binamu "hapo hapo Kanada", muulize kwanza yuko upande gani. Huenda akawa mbali nawe kuliko Nairobi na Lusaka.

Anayeingia kama mkazi wa kudumu ana haki ya kuishi na kufanya kazi katika mkoa wowote. Lakini kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Baadhi ya wahamiaji huteuliwa na mkoa fulani, mpango ambao Manitoba ilikuwa ya kwanza kuutumia mnamo 1998. Anayeomba kwa njia hiyo hutamka kwamba ana nia ya kuishi katika mkoa uliomteua. Hivyo basi uamuzi wa mji huanza siku ya kujaza fomu, miezi mingi kabla ya tikiti kukatwa.

Isitoshe, wengi wa wanaoomba kupitia utaratibu wa kitaifa wa kuwachagua wafanyakazi wenye ujuzi, ulioanza mwaka 2015, hutakiwa kuonyesha akiba benki. Mwaka 2025 kiasi hicho kilikuwa dola 15,263 za Kanada kwa mtu mmoja na dola 28,362 kwa jamaa ya watu wanne, na hurekebishwa kila mwaka. Pesa hizo ni zako mwenyewe, za kukushikilia hadi upate kazi. Katika mji mmoja zitakufikisha mbali. Katika mwingine zitayeyuka kabla theluji haijayeyuka.

Tena, mlango wenyewe umeegeshwa kidogo. Mwaka 2024 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kupunguza idadi ya wakazi wapya wa kudumu, na lengo la 2025 likashushwa kutoka watu 500,000 hadi 395,000. La 2026 likawekwa 380,000. Nafasi iliyopatikana kwa taabu namna hiyo haifai kupotezewa katika mji usiokufaa.

TORONTO: PENYE WENGI PANA MENGI

Tuanzie pale ambapo karibu kila Mkenya huanzia. Toronto, katika mkoa wa Ontario, ndio mji mkubwa kuliko yote nchini humo. Umekaa kando ya Ziwa Ontario, na mnara wake wa CN, wenye urefu wa mita 553, utauona kabla hujaiona barabara. Huko kuna treni za chini ya ardhi, tramu na mabasi, na mwaka 2025 nauli ya kadi ilikuwa dola 3.30, ukiruhusiwa kubadilisha magari kwa muda wa saa mbili. Mtu anaweza kuishi Toronto miaka mingi bila gari, jambo ambalo katika miji mingi ya huko ni muhali.

Toronto haina upweke wa lugha. Utawasikia Wasomali katika maghorofa ya barabara ya Dixon, Wahabeshi katika hoteli zao, Wagoa na Waismailia waliozaliwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam ambao Kiswahili chao bado kina ladha ya pwani. Unga wa ugali upo. Sukuma wiki ipo. Kanisa au msikiti wenye watu wa kwenu hutaukosa. Mtu akifiwa, mchango huanza jioni hiyo hiyo.

Mbona basi watu wanatoka? Wanafukuzwa na kodi ya nyumba.

Sheria ya Ontario humlinda mpangaji aliyekwisha kuingia. Mwenye nyumba hawezi kumpandishia zaidi ya kiwango kinachotangazwa na serikali kila mwaka. Lakini mpangaji akihama, mwenye nyumba huruhusiwa kumtajia anayefuata bei anayoitaka. Nyumba zilizoanza kukaliwa baada ya Novemba 15, 2018 hazihusiki kabisa na kiwango hicho. Maana yake ni kwamba aliyepanga zamani analipa kidogo, na wewe mgeni wa jana unalipa bei ya leo. Ukifika utaambiwa ulipe kodi ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa mwisho kwa pamoja. Utaulizwa pia habari za mikopo yako ya nyuma, nawe huna hata moja katika nchi hiyo. Ndiyo sababu wageni wengi huishia katika vyumba vya chini ya nyumba za watu, vyenye dirisha dogo linalochungulia miguu ya wapita njia.

HESABU YA MKONO WA KULIA NA WA KUSHOTO

Utasikia watu wakisema, "Toronto ni ghali lakini mishahara ni minono." Hebu tupige hesabu, tena tutumie takwimu za mwezi mmoja ili tusipunje upande wowote.

Mnamo Oktoba 2023 shirika la serikali linaloshughulikia nyumba lilipima kodi katika miji mikubwa. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala katika maghorofa ya kupangisha ilikuwa kwa wastani karibu dola 1,960 kwa mwezi Toronto na karibu dola 1,400 Edmonton, katika mkoa wa Alberta. Tofauti ni dola 560. Mwezi huo huo mshahara wa chini kabisa ulikuwa dola 16.55 kwa saa Ontario na dola 15 Alberta. Mtu anayefanya kazi saa 160 kwa mwezi alipata Toronto dola 248 zaidi, kabla ya makato.

Basi mkono wa kulia ulimpa dola 248, na wa kushoto ukamnyang'anya 560. Na kumbuka kwamba wastani huo unawajumlisha wapangaji wa zamani wanaolipa bei za zamani.

Ongeza ushuru wa mauzo. Ukinunua kitanda, sufuria na koti vya dola 1,000, Ontario utaongezwa asilimia 13, yaani dola 130. Alberta haina ushuru wake wa mauzo, kwa hivyo utalipa ule wa serikali kuu pekee wa asilimia 5, yaani dola 50. Vyakula vya msingi kama maziwa, mkate na mboga havitozwi kote kote.

Zipo pia pesa zisizojali mji. Serikali kuu huwapa wazazi wakazi posho ya kila mwezi ya kulea watoto, kwa kutegemea mapato yao. Kwa mwaka ulioanza Julai 2025 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,997 kwa mtoto wa chini ya miaka sita na dola 6,748 kwa mwenye miaka sita hadi 17. Mzazi wa Toronto na mzazi wa Winnipeg wenye mapato sawa hupimiwa kwa kipimo kile kile. Ni juu yako kujua ni wapi pesa hizo zitanunua viatu, na ni wapi zitaingia moja kwa moja katika mfuko wa mwenye nyumba.

EDMONTON NA CALGARY: NCHI YA MAFUTA

Edmonton ina watu zaidi ya milioni moja na imepasuliwa katikati na bonde la Mto North Saskatchewan, lenye miti na njia za kutembea kwa miguu. Ni mji uliotandazwa. Nyumba ziko mbali na maduka, maduka yako mbali na viwanda, na treni zake ni chache. Karibu kila mtu humiliki gari, na gari lina bima, mafuta na magurudumu ya kipupwe. Weka gharama hiyo katika hesabu yako kabla hujashangilia kodi nafuu.

Desemba jua huchomoza karibu saa tatu kasorobo asubuhi na kutua saa kumi na robo alasiri. Anayefanya kazi kiwandani huingia gizani na kutoka gizani. Wenyeji huchomeka magari yao kwenye umeme usiku ili injini isigande. Usicheke, utafanya hivyo hivyo.

Calgary, kilomita 300 hivi kusini, ni mji wa fahari zaidi, wenye makao makuu ya kampuni za mafuta na milima ya Rockies ikionekana magharibi. Wananchi wake walimchagua Naheed Nenshi kuwa meya kuanzia 2010 hadi 2021, mtoto wa wazazi waliohamia Kanada kutoka Tanzania. Lakini sifa za unafuu zilimaliza unafuu wenyewe. Katika mwaka 2023 pekee kodi ya vyumba viwili huko ilipanda kwa zaidi ya asilimia 14, kwa kuwa watu walihamia kwa wingi kuliko nyumba zilivyojengwa. Alberta, tofauti na Ontario, haina kikomo cha kiasi ambacho mwenye nyumba anaweza kuongeza. Kilichopo ni sharti la kutoongeza zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Edmonton nayo imeanza kufuata mkondo huo. Tena mshahara wa chini wa Ontario ulifika dola 17.60 mnamo Oktoba 2025, ilhali wa Alberta ulibaki pale pale 15. Kwa hivyo hesabu ya mikono miwili ipige upya kwa bei za mwezi unaosafiri, usiirithi kutoka kwa mtu aliyehamia miaka mitano iliyopita. Na usisahau kwamba mkoa unaoishi kwa mafuta huyumba na bei ya mafuta. Bei zilipoporomoka kati ya 2014 na 2016, maelfu walipoteza kazi.

WINNIPEG: BARIDI KALI, MLANGO WAZI

Sasa tuje kwenye mji ambao ukiutaja mbele ya Mkenya wa Toronto atakutazama kana kwamba umetaja jela. Winnipeg, makao makuu ya Manitoba, imejengwa mahali ambapo Mto Red na Mto Assiniboine hukutana. Ina watu wapatao 750,000 kwa hesabu ya 2021. Wastani wa joto la Januari ni nyuzi 16 chini ya sufuri, na ziko siku za nyuzi 30 chini na zaidi. Pumzi huganda kwenye nyusi. Kiangazi kikija, mbu wake hawana huruma.

Sababu ya watu kukaa ipo. Manitoba ina kikomo cha mwaka cha kupandisha kodi kwa nyumba nyingi za kupangisha. Amana anayoruhusiwa mwenye nyumba kudai haizidi nusu ya kodi ya mwezi, na kwa mgeni mwenye akiba ndogo tofauti hiyo ni chakula cha wiki kadhaa. Umeme wake, ambao karibu wote hutoka kwenye mabwawa ya maji, ni miongoni mwa ulio rahisi zaidi Kanada. Bima ya msingi ya gari hutolewa na shirika la umma la mkoa. Aprili 2023 ada ya kumlaza mtoto katika shule za chekechea zinazosaidiwa na serikali ilishushwa hadi dola 10 kwa siku. Nafasi ndizo adimu, kwa hivyo mwandikishe mtoto mapema.

Wafilipino waliugundua mji huu zamani. Wanawake wao waliletwa kufanya kazi katika viwanda vya nguo miaka ya sitini, wakawaita ndugu zao, na leo wao ni miongoni mwa jamii kubwa zaidi mjini humo. Waafrika wamefuata nyayo. Mji wenye watu wachache una faida nyingine: meneja wa kiwanda, mchungaji na mwalimu wa mtoto wako wanaweza wote kukujua kwa jina.

Koti lisikutishe. Kuna maduka ya nguo zilizokwisha kuvaliwa ambako koti zito hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya jipya. Baadhi ya marobota yanayofunguliwa Gikomba hutoka Kanada, kwa hivyo utakuwa unanunua mitumba kabla haijafungwa robota.

MASHARIKI, NA KWA WANAOJUA KIFARANSA

Mji wa Halifax, kwenye pwani ya Atlantiki, uwe funzo kwetu. Kwa miaka mingi ulisifiwa kuwa mji mzuri wa bei nafuu, wenye bandari na bahari inayomkumbusha mtu wa Mombasa kwao, ingawa maji yake ni ya kugandisha vidole. Wakati wa janga la korona watu wa Ontario walihamia huko kwa wingi. Kufikia Oktoba 2023 vyumba viwili vilikuwa karibu dola 1,630, juu kuliko Edmonton, na kati ya nyumba 100 za kupangisha ni moja tu iliyokuwa wazi. Sifa za mji ni kama habari za samaki sokoni: uliza zilivuliwa lini.

Kwa ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda wanaozungumza Kifaransa pamoja na Kiswahili, kuna mlango ambao Wakenya wengi hawauwezi. Montreal, katika mkoa wa Quebec, ilikuwa na kodi ya wastani ya karibu dola 1,100 katika upimaji ule ule wa 2023, karibu nusu ya Toronto. Lakini Quebec huwachagua wahamiaji wake yenyewe, na bila Kifaransa utabaki pembeni. Moncton, mji mdogo wa mkoa wa New Brunswick, uko katika mkoa pekee ambao Kiingereza na Kifaransa vyote ni lugha rasmi.

MIJI MIDOGO KABISA

Wapo waliopita miji yote hii na kwenda Brooks, Alberta, mji wa watu karibu 15,000 katikati ya mbuga kavu, wenye kiwanda kikubwa cha nyama ya ng'ombe. Wasomali, Wasudani, Wahabeshi na wengine kutoka pembe nyingi za dunia wamejaa huko hata mji ukapewa lakabu ya mji wa salamu mia. Brandon huko Manitoba una kiwanda cha nguruwe na historia inayofanana na hiyo.

Kazi hupatikana. Lakini ni kazi ya kisu, baridi na damu, mwendo wa mashine kutwa nzima, na mikono huuma. Kama nia yako ni kuweka akiba kwa miaka miwili kisha usonge mbele, pana maana. Kama wewe ni mhasibu na unatumaini kupata ofisi Brooks, fikiri tena. Na kama wewe ni Mwislamu, zingatia ni kiwanda gani unachoomba.

KARATASI ZA KAZI NI ZA MKOA

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Muuguzi, mwalimu, mhandisi au daktari haruhusiwi kufanya kazi yake kwa sababu tu ana shahada. Leseni hutolewa na bodi za mkoa, na kila moja ina masharti, mitihani na ada zake. Mji wa kodi nafuu katika mkoa utakaokuchelewesha mwaka mzima zaidi ni mji ghali. Kabla hujachagua, andikia bodi za mikoa miwili au mitatu, ulizia masharti kwa mtu aliyesomea Kenya, na uanze kukusanya nakala za matokeo ukiwa hapa nyumbani, ambako unaweza kwenda mwenyewe ofisi hadi ofisi. Ukiwa Saskatoon huwezi kusimama kwenye foleni ya chuo huko Eldoret.

Leseni ya gari vivyo hivyo. Usitarajie ya Kenya ibadilishwe dirishani. Jiandae kufanya mtihani, tena upande wa kulia wa barabara na juu ya barafu.

WALIOTUTANGULIA

Hatuko wa kwanza kutoka pembe hii ya dunia kuliuliza swali hili. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, Kanada iliwapokea wapatao 7,000. Ndege za kwanza kutoka Entebbe zilitua Montreal Septemba mwaka huo. Wengi walifika na masanduku mawili, mali yao yote wakiwa wameiacha nyuma. Walipumzishwa katika kambi ya jeshi, wakapewa makoti, wakaulizwa maswali, kisha wakatawanyika katika miji mbalimbali ya nchi.

Baadaye, wengi walihama tena. Walielekea palipokuwa na watu wao, jamatkhana yao, shule na biashara. Mwandishi M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, ameyaandika maisha kama hayo katika riwaya yake No New Land ya mwaka 1991, inayohusu watu wa Dar es Salaam katika maghorofa ya Toronto.

Funzo ni kwamba mji wa kwanza si ndoa. Unaweza kuanzia Toronto kwa jamaa ukajifunza nchi kisha ukahamia Winnipeg. Unaweza kuanzia Edmonton ukajaza kibaba, ukamfuata dada yako Toronto ukiwa na akiba na leseni mkononi. Kibaya ni kukaa mahali kwa haya, ukiogopa watu wa nyumbani watasema umeshindwa.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA SAFARI

Kwanza, andika kazi yako juu ya karatasi, kisha tafuta mikoa inayoihitaji na inayotoa leseni yake bila mzunguko mrefu. Mji ufuate kazi.

Pili, kwa kila mji uliobaki piga hesabu ya mwezi mmoja: nyumba, nauli au gari, chakula, simu, ushuru, malezi ya mtoto. Toa jumla hiyo kwenye mshahara mdogo kabisa unaoweza kuupata, usitoe kwenye ule unaouota. Kinachobaki ndicho mji wako.

Tatu, ulizia kadi ya matibabu. Katika mikoa mingine mkazi mpya huhudumiwa tangu mwanzo, lakini British Columbia, uliko mji wa Vancouver, una kipindi cha kungoja cha karibu miezi mitatu. Anayesafiri na mtoto mchanga au mjamzito asilichukulie hilo kwa wepesi.

Nne, usimtumie mtu amana ya nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hamjaingia. Matapeli wa nyumba wako kule kama walivyo huku. Panga mahali pa wiki chache kwanza, utembee mtaa mchana na usiku, kisha utie sahihi mkataba.

Tano, tafuta watu wako kabla ya kufika. Kuna vituo vya kuwapokea wahamiaji katika kila mji mkubwa, ambavyo huwasaidia wakazi wa kudumu bure kutafuta kazi, shule na nyumba. Lakini kituo hufungwa jioni. Ulizia kanisa, msikiti au chama cha Wakenya, na upate angalau nambari mbili za simu za watu watakaokuja ukilazwa hospitalini.

Sita, na huenda hili ndilo gumu kuliko yote, kaa na wazazi na wajomba kabla ya safari uwaambie ukweli. Waeleze kwamba mwaka wa kwanza hutatuma kingi, na uwaonyeshe ile hesabu uliyoiandika. Wengi wamejitosa katika mji ghali kwa sababu jina lake linajulikana kijijini, wakafanya kazi mbili mchana na usiku ili picha zao ziwe na maghorofa marefu nyuma. Mama hatakula maghorofa. Afadhali mwana aliye Winnipeg anayetuma kidogo kila mwezi na anayelala usingizi, kuliko aliye chini ya mnara wa CN asiyepokea simu kwa sababu hana la kusema.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kanada watakupa jembe mapema zaidi ya hapo, na kulima utalima. Shamba lenyewe lichague ukiwa bado huku.